Begi la Baridi la Kubebea Chakula Ndegeni: Limefikiria Jiko, Limesahau Meza ya Ukaguzi

Kwa muda wa mwaka mmoja na nusu nimesafiri kwa ndege mara kumi na moja nikiwa na begi moja la kubebea chakula, lile lenye kuta nene za sponji na bitana ya foili kwa ndani, ambalo huuzwa pamoja na vyombo vinne vya plastiki vyenye vifuniko vya kubana na pakiti mbili za jeli za kugandishwa kwenye friza. Karatasi iliyokuja nalo inaahidi kwamba linapita ukaguzi wa uwanja wowote wa ndege, na ni ahadi hiyo, wala si rangi yake wala uzuri wa mshono wake, iliyonifanya nilinunue. Katika safari hizo kumi na moja, mara saba lilipita kwenye mashine ya eksirei bila mtu kuniuliza neno. Mara nne lilivutwa pembeni likafunguliwa, na mara mbili kati ya hizo niliondoka pale mezani na vitu vichache kuliko nilivyokuja navyo. Jina la mtengenezaji nimeliacha kwa makusudi, kwa kuwa mabegi ya namna hii yanafanana sana, na ninayoyasema hapa yatamfaa pia aliyenunua la mtengenezaji mwingine.

Nianze kwa kulipa haki yake. Kazi ya kutunza ubaridi linaifanya vizuri kuliko nilivyotarajia. Chakula kinachoharibika upesi, kama vile nyama iliyopikwa, maziwa na jibini laini, hakifai kukaa zaidi ya saa mbili kwenye joto la kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi, na safari ya ndege, ukijumlisha njia ya kwenda uwanjani, foleni na kusubiri, huzivuka saa hizo mbili kabla hata ndege haijaacha ardhi. Niliweka kipimajoto cha jikoni katikati ya vyombo, pakiti zote mbili zikiwa zimegandishwa usiku kucha, na baada ya saa sita kilisoma nyuzi 4. Baada ya saa tisa kilikuwa kimefika 9. Kwa begi la kubeba begani, hayo ni matokeo ya kuridhisha kabisa. Zipu yake pia ni madhubuti, ukanda wa begani haukati nyama, na bitana inafutika kwa kitambaa chenye maji na sabuni bila kubaki na harufu, jambo ambalo aliyewahi kumwagikiwa na mchuzi wa samaki ndani ya begi atalithamini.

Matatizo yanaanza kwenye vile vyombo vinne. Kila kimoja kina ujazo wa mililita 400, na hapo ndipo nilipoanza kushuku kwamba aliyevibuni hajawahi kusimama kwenye foleni ya ukaguzi. Kanuni inayotumika katika sehemu kubwa ya dunia husema kwamba vimiminika, jeli na vitu vya kupakaa vinavyoingia na abiria ndani ya ndege viwe kwenye vyombo visivyozidi mililita 100, na vyombo hivyo vyote vitoshee katika mfuko mmoja wa plastiki unaoonyesha vilivyomo, wenye ujazo wa lita moja. Kanuni hiyo ilizaliwa mwaka 2006, baada ya polisi wa Uingereza, mwezi Agosti, kufichua njama ya kulipua ndege zinazovuka Atlantiki kwa vilipuzi vya majimaji vilivyokusudiwa kufichwa ndani ya chupa za vinywaji. Mwanzoni vimiminika vilipigwa marufuku karibu vyote, kisha baada ya muda mfupi ndipo kikaja kiwango hicho cha mililita 100. Wasafiri wengi wanakijua kiwango, lakini hawajui kinachopimwa. Kinachopimwa ni chombo, si kilichomo. Ukibeba vijiko viwili vya jamu ndani ya chombo cha mililita 400, mbele ya ofisa umebeba chombo cha mililita 400, na jamu yako itabaki pale.

Ndivyo nilivyopoteza asali. Ilikuwa robo tu ya chombo, asali ya nta ambayo ndugu yangu anayefuga nyuki alinipa nimpelekee mtu aliyekuwa akipona baada ya upasuaji. Nilijisemea kwamba ni nzito mno kuitwa kimiminika, tena ndani yake mna vipande vya masega. Ofisa alikiinamisha chombo, tukaitazama sote wawili asali ikitambaa taratibu kuelekea ukingoni, na mjadala ukaishia hapo. Sikuwa na la kumjibu. Maofisa wa ukaguzi wa Marekani wana kipimo chepesi wanachowaeleza abiria: ikiwa kitu kinaweza kumwagwa, kupuliziwa, kupakwa au kumiminwa, basi ni kimiminika. Kwa kipimo hicho siagi ya karanga ni kimiminika, na mamlaka yao ilipolitamka hilo waziwazi mwaka 2023 watu wengi walicheka, lakini ukilitafakari utaona kwamba sheria haiulizi chakula kinaitwaje jikoni, inauliza kinatendaje kikiinamishwa. Jibini ngumu inapita, jibini ya kupaka haipiti. Mkate uliokwisha kupakwa jamu unapita, jamu ikiwa peke yake kwenye kopo haipiti. Keki inapita, ingawa ile inayopangwa ndani ya chupa ya kioo kwa tabaka nene za krimu iliwahi kuzuiwa huko Las Vegas mwishoni mwa mwaka 2011, ikazua mabishano makubwa kuhusu kama krimu ya keki ni jeli au si jeli.

Kwa hiyo, kwa mtu anayebeba chakula kikavu au kigumu, vyombo hivi ni vizuri. Vifuniko vinabana, havichukui harufu, na vinapangika kimoja juu ya kingine bila kuyumba. Kwa mtu anayetaka kubeba achari, mchuzi mzito, mtindi au asali, havina kazi yoyote upande wa abiria, na mtengenezaji angetenda haki lau angetoa vikopo vinane vya mililita 90 badala ya bakuli nne kubwa. Mimi nimenunua vikopo hivyo mwenyewe. Ni vile vya kuwekea dawa ya kupaka, vipya, vyenye alama ya kufaa kwa chakula na ujazo ulioandikwa chini, na maandishi hayo ya chini yamenisaidia zaidi ya mara moja, kwa sababu chombo kisichoandikwa ujazo humwachia ofisa kazi ya kukisia, na anayekisia huku foleni ikimsubiri hukisia kwa kuelemea upande wa kukataa.

Sasa nije kwenye pakiti za jeli, ambazo ndizo moyo wa begi hili na ndizo zilizonitia aibu kuliko kitu kingine. Safari ya tano niliondoka nyumbani alfajiri, nikakwama njiani kwa saa moja na dakika kadhaa, nikafika kwenye ukaguzi begi likiwa bado baridi kiasi cha kuuma vidole. Lilipita kwenye mashine, ukanda ukasimama, ukarudi nyuma, ukasimama tena. Ofisa, binti mwenye umri wa kuwa mwanangu, alilifungua kwa adabu, akatoa vyombo kimoja baada ya kingine akavipanga kwenye trei, kisha akaifikia ile pakiti ya chini. Aliishika kwa mikono miwili, akaibonyeza katikati kwa kidole gumba. Katikati palikuwa pagumu. Akahamia pembeni, akabonyeza, na kidole kikazama. Akaisimamisha wima, na ndani ya plastiki ile ya buluu tukaona maji kama vijiko vitatu hivi yakiteremka na kutuama kwenye kona.

"Mama, hii imeshaanza kuyeyuka," akasema.

Nikamwambia kwamba sehemu kubwa bado ni barafu. Akakubali kwamba ni kweli, na akaiweka kwenye pipa.

Nilikasirika siku ile, lakini baadaye nilipoisoma kanuni nilikuta alikuwa sahihi neno kwa neno. Kwa utaratibu wa Marekani, kitu kilichoganda kinaruhusiwa kikiwa kimeganda kabisa wakati wa kukaguliwa; kikiwa kimelegea, au kina maji yaliyotuama chini, kinarudi kuwa kimiminika na kinabanwa na kiwango cha vimiminika, isipokuwa pale kinapohitajika kwa ajili ya tiba. Si kila nchi inayotoa hata nafasi hiyo, kwa hiyo anayesafiri kwingineko asiichukulie kuwa haki yake. Lawama yangu basi haimwangukii ofisa, inamwangukia mtengenezaji, kwa sababu pakiti zake ni nyembamba na pana, umbo ambalo huganda haraka na kuyeyuka haraka kuanzia pembeni, na karatasi yake ya maelekezo haina hata mstari mmoja unaomwonya mnunuzi kwamba saa ya hatari si ile ya kufika mwisho wa safari, bali ni ile ya kufika mezani kwa mkaguzi. Angetengeneza pakiti moja nene badala ya mbili nyembamba, hali ingekuwa tofauti.

Zipo njia mbadala ambazo nimezijaribu. Ya kwanza ni kukigandisha chakula chenyewe. Nyama iliyopikwa ikiwa kavu bila mchuzi, ikagandishwa hadi iwe kama jiwe, hutunza baridi ya jirani zake, na hata ikianza kulegea bado ni nyama ngumu, haigeuki kimiminika. Ya pili ni kuomba barafu baada ya kuvuka ukaguzi, kwenye mkahawa wa ndani, na kuitia ndani ya mfuko mtupu wa zipu uliokuja nao. Mara zote nilizoomba nilipewa. Kuna pia barafu kavu, yaani kaboni dayoksaidi iliyogandishwa, ambayo haiachi maji kabisa kwa kuwa hugeuka moja kwa moja kuwa gesi. Abiria huruhusiwa hadi kilo 2.5 kwa idhini ya shirika la ndege, lakini sharti chombo kiwe na pa kupumulia, kwani gesi ikikosa njia hupasua kilichoifunga. Begi hili, kwa zipu yake inayobana hivi, si la kutiliwa barafu kavu likiwa limefungwa, na hilo nalo karatasi ya maelekezo imelinyamazia.

Kasoro ya tatu ni ya umbo, na inahitaji kueleweka jinsi mashine inavyoona. Mashine za kawaida za eksirei hupaka picha rangi kulingana na aina ya kitu: vitu vya asili ya mimea na wanyama, pamoja na vingi vya plastiki, huonekana kwa rangi ya chungwa, na vyuma huonekana kwa buluu. Ubaya ni kwamba vilipuzi vingi navyo viko upande huo huo wa chungwa, na uzito wa keki iliyoshikana, bonge la jibini au chokoleti unaweza kukaribiana navyo. Begi hili limebuniwa ili vyombo vipangwe kwa mnara, vimebanwa na mikanda ya mpira, huku pakiti ya jeli ikiwa chini na nyingine juu. Kwa ubaridi ni mpango mzuri sana. Kwa anayetazama skrini ni kipande kimoja kinene cha rangi ya chungwa kisichoonyesha mwanzo wala mwisho, na mtu mwaminifu katika kazi yake hana budi kulifungua.

Na kulifungua ni kazi. Zipu inaishia nusu ya mzunguko, kwa hiyo mfuniko haulali. Unausimamia kwa mkono mmoja huku mkono mwingine ukipambana na mikanda ya mpira. Katika ile mara ya tatu ya kuvutwa pembeni nilihesabu nafasi za watu walionipita nyuma yangu nikiwa bado ninapanga vyombo: kumi na wanne. Tangu hapo nimeacha kulisubiri lifunguliwe. Nikikaribia ukanda ninavitoa vyombo mwenyewe na kuvitandaza kwenye trei yao peke yao, kimoja kando ya kingine bila kupandana, kama vile watu wanavyotoa kompyuta, na tangu nianze kufanya hivyo nimesimamishwa mara moja tu. Hiyo ilikuwa kwa ajili ya unga wa viungo. Ofisa alipitisha kitambaa kidogo juu ya kifuniko na kwenye viganja vyangu, akakitia kwenye kifaa kinachonusa chembechembe za vilipuzi, tukasubiri sekunde chache, nikaruhusiwa. Unga nao una habari yake: tangu mwaka 2018, kwa ndege zinazoelekea Marekani, poda inayozidi mililita 350 hukaguliwa zaidi na yaweza kukataliwa, kwa hiyo mfuko mkubwa wa unga ni bora uende kwenye mzigo wa chini.

Watanijibu wengine kwamba haya yote yanapitwa na wakati, kwa sababu viwanja kadhaa vimefunga mashine mpya zinazopiga picha ya pande zote, kama zile za hospitali, ambazo hazihitaji chakula kitolewe kwenye begi na katika baadhi ya viwanja zimeruhusu chupa za hadi lita mbili. Ni kweli, na nimepita kwenye moja ya mashine hizo: begi liliingia lilivyo na kutoka lilivyo. Lakini mabadiliko hayo hayaendi kwa mstari ulionyooka. Mwaka 2024 viwanja vya Uingereza na Ulaya vilivyokuwa vimekwisha kuiondoa kanuni ya mililita 100 vililazimika kuirudisha, kisha mwaka 2025 baadhi vikaruhusiwa kuilegeza tena. Hata pale kanuni ilipolegezwa unapoondokea, huenda ukabadilisha ndege mahali ambapo bado inabana, ukakaguliwa upya, na chombo kilichopita asubuhi kikakataliwa jioni. Anayenunua begi leo anapaswa kulinunua kwa kufikiria uwanja mkali kuliko yote atakayopitia.

Nililijaribu pia kwenye mzigo wa chini, ambako kiwango cha mililita 100 hakipo, na hapa sina mengi. Kuta zake laini hazikingi kitu kigumu kisivunjike, kwa hiyo chupa za kioo nilizivisha soksi nene kabla ya kuzitia. Chombo kimoja nilichokijaza achari hadi ukingoni kilivuja, vingine vitatu nilivyoviachia nafasi ya vidole viwili juu havikuvuja. Sababu ni hewa: hewa ya ndani ya ndege inayoruka hupunguzwa mgandamizo hadi kufanana na ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400, hivyo hewa iliyofungiwa chomboni hutanuka na kusukuma kilicho karibu na kifuniko.

Jambo moja kwenye karatasi ile ya maelekezo linastahili kukemewa kuliko mengine. Imeandikwa kana kwamba ukivuka ukaguzi wa usalama umemaliza, na chakula chako kimehalalishwa hadi mezani kwa mwenyeji. Mkaguzi wa usalama anatafuta kinachoweza kuiangusha ndege; haimhusu kama jibini yako ina ruhusa ya kuingia nchi unayokwenda. Hilo ni la maofisa wa forodha na wa afya ya mimea na wanyama, wanaokungoja upande wa pili. Nchi za Umoja wa Ulaya huzuia abiria kutoka nje ya umoja huo kuingia na nyama na maziwa, na Australia na New Zealand humtaka kila anayeingia atangaze chakula chochote alichobeba, akikificha atatozwa faini hata kama chenyewe kingeruhusiwa. Nyama yangu iliyogandishwa, niliyoisifu hapo juu, ni ya safari za ndani ya nchi tu.

Kwa anayebeba vyakula vikavu, keki, mikate, jibini ngumu au matunda ya safari ya ndani, begi hili ninampendekezea bila wasiwasi, ilimradi azitupe kando pakiti zile za jeli. Kwa mzazi anayebeba maziwa au chakula cha mtoto mchanga pia linafaa, kwa kuwa vyakula hivyo huruhusiwa kuzidi mililita 100 kwa kiasi cha safari, mradi avitaje mapema na kuvitoa nje. Kwa anayetaka kumpelekea mtu mchuzi, jamu au asali akiwa amevikumbatia mapajani, halifai kama linavyouzwa, na sioni kwa nini alilipe kamili kisha akanunue vikopo vingine kando. Ningelipa alama tatu kati ya tano, na nusu moja zaidi siku zipu itakapozunguka hadi mwisho.

Lenyewe bado ninalitumia. Pakiti ya jeli iliyosalia iko kwenye friza yangu na haitoki tena nyumbani, na ndani ya mfuko wa pembeni wa begi mna vikopo tisa vya mililita 90, kimoja kikiwa cha asali.